Wiski ya miaka 60 na lutuku ya siku chache

Mwezi wa Novemba 2023 mjini London, nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza chupa moja ya wiski kwa zaidi ya pauni milioni 2 za Uingereza. Ni Macallan ya mwaka 1926, kutoka Uskoti. Mwaka huo 1926 unagusa pia historia yetu ya Katanga.

Tuanze na pombe yenyewe. Ilitengenezwa kwa shayiri katika kiwanda kimoja. Wiski inapotoka kwenye mtungi wa kuchemshia haina rangi, ni nyeupe kama maji, sawasawa na lutuku. Hiyo ya 1926 ilitiwa katika pipa la mbao lililozoea mvinyo wa Hispania unaoitwa sherry, ikakaa humo miaka 60. Mbao ndizo zinazoipa rangi na ladha. Kila mwaka karibu asilimia 2 hupotea kama mvuke. Waskoti husema hilo ni fungu la malaika. Mwaka 1986 zilitoka chupa 40 tu. Mtaalamu wa mnada aliyeonja tone dogo alisikia matunda makavu, viungo na mbao.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1926 mji wa Kolwezi ulikuwa haujajengwa. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilikuwa ikitafuta wafanyakazi Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mfanyakazi alipewa posho ya unga, lakini wiski ilikuwa ya mzungu. Tangu mapatano ya Brussels ya 1890, wakubwa wa Ulaya walizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, walikaza zaidi: walikataza hata kutengeneza pombe ya kuchemshwa huku kwetu na kuingiza vyombo vyake. Walisema ni kwa kuwalinda Waafrika. Lakini kampuni nazo zilihitaji mtu anayeamka mapema kwenda kazini.

Muafrika aliachiwa bia, na miaka ya 1920 Elisabethville, leo Lubumbashi, ikapata kiwanda chake, kile kilichotupa Simba. Nyumbani mama zetu waliendelea na munkoyo. Na kwa siri, kwa mahindi na muhogo, walichemsha lutuku.

Hapo ndipo tofauti ilipoanzia. Mahindi yanachachishwa siku chache, yanachemshwa, mvuke unapita kwenye bomba na kupozwa kwa maji. Kazi ni ileile ya Uskoti. Lakini mwenye pipa Uskoti alikuwa na leseni, ghala na mlango wa kufunga. Mama wa lutuku alikuwa na usiku mmoja kabla polisi hajafika, na mtoto anayengoja pesa ya shule. Nani angeweka pipa miaka 60?

Hata leo wajane na mama waliokimbia vita au kufukuzwa wanalisha watoto kwa kazi hiyo. Hatuwachekelei. Lakini lutuku isiyopimwa inaweza kuwa na sumu inayopofusha na kuua. Pipa lililobeba asidi ya mgodi lisitumiwe kabisa, hata likioshwa mara kumi. Kuwafukuza mama hawa kumeshindikana tangu wakati wa Wabelgiji. Kupima pombe yao na kuwapa njia halali bado hakujajaribiwa sawasawa.

Kitu cha kuzeeka kinahitaji mahali pasipohamishwa. Mwaka 2017, Kasulo, familia ziliondolewa nyumbani kwao juu ya kobalti. Waliopanda miti ya maembe uani waliiacha. Wiski ya 1926 ilivuka miaka 60 kwa sababu hakuna aliyekuja kusema ghala livunjwe.