Jinsi Waholanzi Walivyohesabu Dawa za Ng'ombe

Fungueni daftari. Somo la leo ni habari za ng'ombe wa maziwa wa Uholanzi, nchi ndogo ya Ulaya yenye ng'ombe wengi. Ye yote ajuaye kugandisha maziwa ataelewa upesi.

Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's, London, Alexander Fleming aligundua penisilini, dawa itokayo katika ukungu. Dawa za namna hii huitwa antibiotiki. Huua vijidudu viitwavyo bakteria. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, wafugaji wengi wa Ulaya walianza kuitia katika kiwele kwa njia ya chuchu, kutibu ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe walipona. Lakini watengenezaji wa jibini waliona ajabu: maziwa yenye dawa hayakuganda. Vijidudu vyema vya kugandisha navyo vilikuwa vimekufa!

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, na Fleming mwenyewe alilionya mwaka 1945. Dawa ikitolewa kidogo mno, vijidudu vyenye nguvu havifi. Huzaana, na wazao wao hurithi nguvu ile. Mtu akiugua kwa vijidudu hivyo, dawa haimfai kitu.

Sasa sikilizeni vizuri. Huko Ulaya ng'ombe hupumzishwa kukamuliwa muda wa wiki 6 hadi 8 kabla ya kuzaa. Toka miaka ya 1960 lilienea shauri kwamba, siku ya kumkausha, kila ng'ombe atiwe antibiotiki katika chuchu zote nne, awe mgonjwa au mzima. Msiwacheke walioshauri hivyo. Ugonjwa wa kiwele uliwatia wafugaji hasara kubwa, na shauri hili liliupunguza kweli.

Mwaka 2004 madaktari wa Uholanzi walimpima mtoto mchanga wa wafugaji wa nguruwe kabla ya kumpasua. Wakakuta mwilini mwake vijidudu visivyouawa na dawa za jamii ya penisilini. Walipochunguza, wakavikuta na katika nguruwe. Jambo hili liliwashtua watu. Madaktari wa nchi hiyo walijulikana kwa kuwapa watu antibiotiki chache kuliko wenzao wa Ulaya, kumbe mifugo yao ilipewa nyingi mno.

Serikali ikaagiza matumizi ya mwaka 2009 yapunguzwe kwa nusu ifikapo 2013. Mwaka 2010 likaundwa shirika la kuhesabu, liitwalo SDa. Kila mfugaji alitakiwa kuwa na daktari mmoja wa mifugo, na kila dawa iliyotolewa iandikwe. Kisha mfugaji aliambiwa: ng'ombe wako wametibiwa siku kadhaa kwa mwaka, na wa wenzako siku kadhaa. Mwenye hesabu kubwa aliketi na daktari wake kutafuta sababu. Baadaye madaktari nao walilinganishwa. Naona hilo lilikuwa haki, maana ndio waandikao dawa. Mwaka 2009 ziliuzwa tani 495 za antibiotiki za mifugo. Mwaka 2012 zilikuwa tani 249.

Lakini je, ng'ombe mzima akiachwa bila dawa siku ya kukaushwa, itakuwaje? Wataalamu walijaribu kwa ng'ombe 1,657 katika mashamba 97, wakatoa habari mwaka 2014. Kila ng'ombe alitiwa dawa katika chuchu mbili, na mbili zikaachwa. Zile zilizoachwa ziliugua mara 1.7 ya zile nyingine. Hiyo ni hasara, na haifai kuificha. Hata hivyo, dawa zote zilizotumika kwa upande ulioachwa, pamoja na za kutibu waliougua, zilipungua kwa asilimia 85.

Basi madaktari wa mifugo wakaweka kipimo. Maziwa hupimwa idadi ya seli, yaani askari wa mwili, ambao huongezeka kiwele kikiugua. Ng'ombe mkubwa mwenye seli zisizozidi 50,000 katika mililita moja ya maziwa hukaushwa bila antibiotiki. Aliyezaa mara moja tu, zisizozidi 150,000. Toka tarehe 28 Januari 2022, sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza antibiotiki za mazoea kwa mifugo katika nchi zake zote.

Kazi ya daftarini: katika ng'ombe wale 1,657, ni chuchu ngapi zilizoachwa bila dawa? Na kutoka mwaka 2009 hadi 2012 zilipungua tani ngapi? Mwalimu wenu anayo majibu.