Pueblo: Reli Inayochoshwa Makusudi
Jamaa wakiniuliza reli ya mizigo hupimwaje, huwatajia Pueblo, jimbo la Colorado, Marekani. Mwaka 1976 walianza kuzungusha treni nzito huko. Njia ni ya duara, mwendo kilomita 64 kwa saa, na behewa likijaa hufika tani 143. Nia ni uchakavu wa miaka mingi uonekane kwa miezi. Ufa wa hatari mara nyingi huanzia ndani ya chuma, jicho haliufikii. Hutafutwa kwa mawimbi ya sauti. Heri reli ivunjike pale kuliko njiani, treni imebeba kemikali. Kwa njia ya Suhar hadi Abu Dhabi inayojengwa, naona lazima uongezwe mtihani wa mchanga, maana hujaza kokoto chini ya mataruma.