Kesi Ilipohamia kwa Serikali

Kabla ya ukoloni, mtu akiuawa Usukumani au Ukambani, swali la kwanza lilikuwa ukoo upi umepoteza mtu na upi utalipa. Wazee waliketi, ng'ombe wakahama zizi. Mwambao, sheria ya Kiislamu iliwapa warithi wa marehemu kauli: kisasi, dia au msamaha. Wapo wanaoisimulia enzi hiyo kama pepo ya maridhiano, nami siwaamini sana, kwani mtumwa asiye na ukoo nani angemdaia? Ila kesi ilikuwa na mwenyewe.

Mjerumani hakupoteza muda. Amri ya Kansela ya mwaka 1896 iliwapa maofisa wake mamlaka ya kuwachapa Waafrika viboko visivyozidi 25 kwa mkupuo mmoja, ndiyo hamsa-ishirini iliyobaki vinywani mwa wazee. Bwana wa boma alipeleleza, akashtaki, akahukumu.

Mwingereza alikuja na vitabu. Kwanza Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyotokana na rasimu ya Macaulay. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikapewa kanuni nyingine, yenye asili ya Queensland, Australia. Huko iliandikwa na Samuel Griffith, ambaye naye alichota katika kanuni ya Italia ya 1889. Ndiyo Sura ya 16 inayotumika Tanzania hadi leo. Kwa kanuni hiyo, aliyekosewa hasa alikuwa Mfalme wa Uingereza. Ndugu wa marehemu ni mashahidi tu. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha tendo na nia pasipo kuacha shaka, na kutojua sheria si utetezi.

Hilo la mwisho liliwafika Wakamba vibaya. Mwaka 1931 kundi la wanaume lilimpiga kwa fimbo hadi kufa mwanamke waliyeamini amemroga mke wa mmoja wao. Kwao ile ilikuwa hukumu ya jamii dhidi ya mchawi. Mwaka uliofuata mahakama iliona mauaji ya kukusudia, ikakataa hoja kwamba uchawi uliwachokoza, na watu 60 wakahukumiwa kunyongwa. Wangenyongwa wote? Serikali yenyewe iliona haya, ikabadilisha adhabu hiyo kuwa vifungo. Mwaka 1933 Tume ya Bushe ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kuchunguza jinsi haki ya jinai inavyotolewa. Wakati huo Mzungu wa Kenya alihukumiwa mbele ya baraza la Wazungu wenzake, ilhali Mwafrika alipewa wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji.

Uhuru haukukitupa kiboko. Sheria ya adhabu za chini ya 1963, Tanganyika, iliagiza mla rushwa na mwizi wachapwe viboko 24, 12 wakiingia gerezani na 12 wakitoka. Haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 zilianza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya akatamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba, lakini Mahakama ya Rufani ikamkatalia mwaka uliofuata.

Jina la Mfalme lilifutwa kwenye jalada, ikaandikwa Jamhuri. Kesi ya mauaji huanza mahakama ya chini isiyo na uwezo wa kuisikiliza. Mama wa marehemu anakaa benchi la nyuma, anasikia upelelezi haujakamilika, mshtakiwa anarudishwa rumande, tarehe nyingine inatajwa. Shauri likifika Mahakama Kuu ataitwa kutoa ushahidi, ahojiwe na wakili, kisha arudi benchi. Hawezi kusamehe wala kudai. Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa upande wake, anaweza kuiondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu bila ridhaa ya mama huyo. Kenya, tangu Katiba ya 2010, sharti angalau mahakama iruhusu kwanza.