Baruti Iliyopanda Mlimani

Maneno yana nasaba kama watu, na wapenzi wa ushairi hawahitaji kufunzwa hilo. Bunduki ni neno la Kiarabu, na shina lake ni jina la kokwa ndogo iliyofananishwa na tufe la kurushwa. Risasi ni jina la madini yenyewe. Wazee wetu wa mwambao waliijua silaha hii kiungo kwa kiungo: kasiba, kitako, mtambo, kifa cha kutilia baruti, na mdeki wa kushindilia. Walitofautisha bunduki ya mrao na gumegume, na gumegume na bunduki ya fataki. Lugha haizai msamiati mpana namna hiyo bila sababu. Msamiati huo ni ushahidi kwamba bunduki ilikuwa biashara yetu, na mojawapo ya masoko yake lilikuwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Kabla ya bunduki, silaha ya Mchagga ilikuwa mkuki na ngao. Chuma kilitoka Upare, na wahunzi wa Mamba walisifika mlima mzima kwa kazi yao. Mkuki ukikatika, mhunzi alikuwa jirani. Palipokuwa na hofu ya kuvamiwa, watu walichimba mahandaki chini ya ardhi wakajificha humo na mifugo yao. Kila himaya ilikuwa na mangi wake, na baina ya himaya na himaya palikuwa na bonde, mto na uhasama. Vita vilikuwapo, ila havikumtegemea mtu wa mbali.

Katika karne ya 19 misafara kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilizidi kuelekea mlimani. Ilifuata pembe za ndovu, ilifuata watumwa, na ilifuata chakula pia, maana baada ya nyika kavu, ndizi na maharage ya Uchagga vilikuwa neema. Nayo misafara ilipeleka nguo, shanga, waya, bunduki na baruti. Ulaya nayo ilisaidia bila kukusudia. Majeshi yake yalipochukua bunduki mpya za kujaziwa nyuma, zile kuukuu za kushindiliwa mbele zilitafutiwa wanunuzi ng'ambo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza wa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zilizoingia Afrika Mashariki kwa mwaka mmoja zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000.

Aliyeielewa biashara hii mapema kuliko wengine ni Rindi, mangi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Moshi hiyo si mji wa leo ulioko bondeni, bali ni ile ya juu, ijulikanayo kama Moshi ya Kale. Himaya yake haikuwa kubwa, lakini alijua kuongea na wageni, na Kiswahili alikisema. Joseph Thomson alifika kwake mwaka 1883, na Harry Johnston mwaka 1884. Mwaka 1885 Sayyid Barghash alimtuma Jenerali Mathews kuweka mkono wa Unguja mlimani, na mamangi wakakubali bendera yake. Haukupita muda, Jühlke akaja na mkataba wa Wajerumani, Rindi akaukubali nao. Wako waliomwona kigeugeu. Lakini mtu anayehitaji baruti hawezi kuwa na rafiki mmoja tu, na kila bendera ilikuwa kwake mlango mwingine wa kupatia silaha.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bunduki, tofauti na mkuki, haimtoshelezi mwenyewe. Anayeimiliki lazima arudi kwa muuzaji kutafuta baruti, risasi na fataki, na kila akirudi lazima awe na cha kulipa. Ndovu walipopungua, kilichobaki kulipia ni binadamu. Rindi aliwavamia majirani akateka watu, na mateka wakashuka pwani. Sina wa Kibosho, hasimu wake mkubwa, aliyejenga boma la mawe, alifanya vivyo hivyo. Bunduki ilihitaji mateka, na kupata mateka kulihitaji bunduki. Mama aliyetoroshwa kihambani kwake usiku alikuwa ndiyo bei ya baruti ya kumteka mwenziwe.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Februari 1891 Wissmann alilishambulia boma la Sina, na watu wa Rindi wakiwa upande wake. Kibosho ikashindwa. Mwaka uo huo Rindi akafariki, akarithiwa na mwanawe Meli. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umekwisha kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe Waafrika, huku gumegume na baruti ya kawaida vikiachiwa mlango chini ya masharti. Maana yake ni wazi: mlimani ibaki silaha ya kizamani, na ile ya kisasa ikae mikononi mwa mtawala.

Pamoja na hayo, Juni 1892 wapiganaji wa Meli walikishinda kikosi cha Kijerumani na kumwua kamanda wake, von Bülow. Wajerumani wakaondoka Moshi. Ushindi ule ulidumu mwaka mmoja na ushei. Agosti 1893 von Schele alirejea na jeshi kubwa, na Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa hadharani Moshi ya Kale, pamoja na Ngalami wa Siha na viongozi wengine, kwa tuhuma ya kupanga uasi. Wazao wake wanashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Septemba 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia, mjini Berlin, ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewatambua jamaa walio hai wa watu watatu ambao mafuvu yao yalichukuliwa enzi ya ukoloni. Mmojawapo alitajwa kuwa mshauri wa Meli. Meli mwenyewe hakuwa miongoni mwao.

Ni haki kuidai Berlin mafuvu hayo. Lakini sisi wa visiwani na mwambao tusiwe wepesi wa kusoma ukurasa wa Mjerumani tukauruka wetu. Baruti ile ilishuka katika bandari zetu, ikafungwa mizigo na mikono yetu, na watu walioilipia waliletwa kwetu wakiwa na minyororo. Wengine walibaki mashambani Unguja na Pemba, wakazaa, wakaswali nasi, wakatunga nyimbo kwa lugha yetu. Majina yao ya nyumbani hayakuandikwa popote. Majina ya viungo vya bunduki, kasiba, kifa na mdeki, yamo katika kamusi zetu mpaka leo.