Kanisa la Mkunazini: lilijengwa palipokuwa soko la watumwa

LUSENDA, Fizi – Katika karne ya 19, watu waliokamatwa Manyema walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji. Kutoka hapo walitembea zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Bagamoyo, wengi wakibebeshwa pembe za ndovu. Waliosalia hai, wengine walivushwa bahari na kuuzwa sokoni Mkunazini, Unguja, pamoja na wenzao waliotoka pande za Ziwa Nyasa. Mahali pa soko hilo leo pana kanisa kuu la Waanglikana.

Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alilifunga soko mwezi wa Juni 1873. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, Mwingereza aliyefanywa askofu mwaka wa 1874, ambaye pia alitafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili. Kufikia 1880 kazi ilikuwa imekamilika.

Madirisha yamechongoka juu, kama ya makanisa ya kale ya Uingereza, lakini kuta ni za mawe ya matumbawe, yaleyale ya nyumba za Waswahili. Paa halina mbao wala mabati: ni tao moja refu la zege lililochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Watu walisema litaanguka. Mpaka leo limesimama. Karibu na mlango kuna nguzo zilizosimama kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo wakati Steere hayupo, naye aliporudi akaziacha.

Mbele ya altare, duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu linaonyesha mahali ambapo, kwa mapokeo, palikuwa na mti wa kuchapia watumwa viboko.

Misafara hiyohiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili kwenye ufuo huu wa Fizi na Baraka. Lugha imebaki, lakini majina ya wengi waliouzwa yamepotea, na vijiji vyao pia. Kwa jamaa zilizokimbia vita, na kwa Warundi waliopokelewa kambini Lusenda tangu 2015, hilo ni fundisho: jina la kijiji ulichotoka, na la ndugu aliyebaki njiani, waambiwe watoto na liandikwe, hata kwenye daftari la shule.