Wajapani Hawakuzaliwa Wakitenganisha Taka

Kuna video hurudi kwenye simu yangu kila baada ya wiki chache. Mzee wa Kijapani anaosha paketi ya maziwa, anaikata, anaianika, halafu anaipeleka kwa boksi lake maalum. Na kila mara wasee husema kitu kimoja: hao ni Wajapani, nidhamu iko kwa damu, hapa kwetu haiwezi kufanyika.

Mimi pia nilikuwa nasema hivo. Halafu nikasoma historia ya mji ambao video nyingi kama hizo hutoka, na nikagundua tumedanganyana. Sio damu. Ni pesa kuisha, sheria kubana, na mikutano mingi sana.

Mji wenyewe unaitwa Kamikatsu. Uko milimani, mkoa wa Tokushima, kwenye kisiwa cha Shikoku. Miaka ya 1950 ulikuwa na watu zaidi ya 6,000. Siku hizi wamebaki chini ya 1,500, na zaidi ya nusu wamepita umri wa miaka 65. Vijana walihamia miji mikubwa wakaacha wazazi. Kama una shosho ushago, hiyo stori unaijua bila kuambiwa.

Sasa sikiza walivyokuwa wakifanya na taka zao. Walichoma. Kulikuwa na shimo wazi mahali panaitwa Hibigatani, unaleta chochote ulichonacho, kinachomwa, moshi unapanda mlimani, unarudi nyumbani. Hii haikuwa zama za kale. Iliendelea hadi miaka ya 1990, wakati nchi hiyo hiyo ilikuwa inauzia dunia nzima magari na redio. Nidhamu ya damu ilikuwa wapi?

Kilichobadilisha mambo ni serikali yao kuanza kukaza. Mwaka 1998 mji ulinunua matanuri mawili madogo ya kuchomea taka, ukadhani umemaliza shida. Lakini Japani nzima ilikuwa imeshtuka kuhusu dioksini, sumu inayotoka ukichoma vitu kama plastiki vibaya. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria kali ya dioksini, na yale matanuri hayakuweza kufikia viwango vipya. Yalikuwa na miaka kama mitatu tu, yakafungwa. Kufikia mwaka 2001, Kamikatsu haikuwa na pa kuchomea. Kujenga tanuri kubwa la kisasa ni pesa ambazo mji mdogo hauna. Kupeleka kila kitu kikachomwe kwingine pia ni gharama. Njia iliyobaki ni kuhakikisha taka zenyewe zimepungua.

Watu hudhani huu mpango ulianza na mapenzi ya mazingira. Ulianza na mfuko mtupu.

Hatua ya kwanza ilikuwa jikoni. Mabaki ya chakula ni mazito, yanaoza, na yakichanganyika na karatasi yanaiharibu. Kwa hivyo, kuanzia miaka ya 1990, mji ulikuwa ukiwasaidia wakazi kulipia vyombo vya kutengeneza mboji nyumbani. Maganda yako, shamba lako. Hadi leo hakuna gari linalopita kuchukua mabaki ya chakula ya nyumba za Kamikatsu.

Kisha wakaanza kutenganisha. Mwaka 1997 kulikuwa na makundi 9. Kufikia 2001 yalikuwa 35. Miaka ya baadaye yakafika 45. Watu husikia 45 wanacheka, wanasema hao ni wazimu. Lakini ukiangalia jinsi yalivyozaliwa, utaelewa. Hawakukaa ofisini wakabuni makundi ili kusumbua watu. Walitafuta ni nani anaweza kuchukua nini. Huyu anataka makopo ya alumini peke yake. Yule anachukua ya chuma. Mwingine anataka magazeti, lakini hataki boksi ndani yake. Kila kundi lipo kwa sababu upande wa pili kuna mtu wa kulipokea. Hiyo sentensi ishike, nitairudia.

Shida ikawa kwa watu. Kamikatsu hakuna lori la taka linalopita mlangoni. Kila nyumba inapeleka taka zake yenyewe kwenye kituo, pale pale Hibigatani palipokuwa na shimo la moto. Sasa fikiria mathee wa miaka 80, hana gari, anaishi juu ya mlima, na ameambiwa aoshe plastiki, aikaushe, atenganishe makundi 35, kisha aibebe mwenyewe. Watu walilalamika, na walikuwa na haki. Maofisa walilazimika kuzunguka kijiji kwa kijiji wakieleza, wakiulizwa maswali magumu, wakieleza tena.

Hapo ndipo wa kujitolea walipoingia. Wakazi wenyewe waliunda kikundi cha kubebea taka wazee wasioweza kufika kituoni. Hakuna fulana zilizochapishwa, hakuna picha ya gavana akishika fagio dakika mbili. Jirani mwenye gari anapitia jirani asiye na gari. Baadaye utaratibu huo ukawa huduma rasmi ya mji: wasioweza kufika huchukuliwa taka zao kila baada ya miezi miwili. Na pale kituoni kuna wafanyakazi wa kukuonyesha kitu kinaenda wapi, kwa hivyo huhitaji kukariri makundi yote.

Septemba 2003, baada ya kutembelewa na Paul Connett, profesa wa kemia kutoka Marekani ambaye alikuwa akipinga uchomaji wa taka, Kamikatsu ukawa mji wa kwanza Japani kutangaza lengo la kutokuwa na taka kabisa. Waliahidi kufika 2020 bila kuchoma wala kufukia. Mwaka 2005 likaundwa shirika lisilo la serikali la kusimamia kazi hiyo. Mwaka 2006 kikafunguliwa kiduka ambacho unaacha kitu usichohitaji, na mwingine anakichukua bure. Kinachopimwa ni kilo tu, ili wajue ni kiasi gani kimeokolewa.

Kitu ninachopenda zaidi ni vibao vya pale kituoni. Juu ya kila boksi wameandika hii taka inaenda wapi, inakuwa nini, na inaletea mji pesa ngapi au inaugharimu pesa ngapi kwa kilo. Hakuna siri. Unaona kwa macho yako kwamba karatasi uliyoifunga vizuri ni pesa inayoingia, na takataka iliyochanganywa ni pesa inayotoka.

Je, walifaulu? Walifika karibu asilimia 80 ya taka zinazotumika tena, wakati wastani wa Japani nzima ni kama asilimia 20. Tena hapo: nchi ni hiyo hiyo, damu ni hiyo hiyo, asilimia ni tofauti. Lakini lengo la 2020 hawakulifikisha. Zilibaki nepi, viatu, na vitu vilivyogundishwa plastiki na ngozi na mpira pamoja hadi hakuna mtu anaweza kuvitenganisha. Mwananchi amefika mwisho wa uwezo wake, na kilichobaki kiko mikononi mwa kampuni inayotengeneza bidhaa. Mwaka huo wa 2020 walifungua kituo kipya chenye umbo la alama ya kuuliza, kuta zikiwa na madirisha ya zamani yaliyotolewa na wakazi, na wakatangaza malengo mapya ya 2030.

Na kabla hujasema hii ni stori ya Wajapani tu, kumbuka kitu. Februari 2005 Wangari Maathai, mwanamke wa Nyeri, alienda Japani akiwa ametoka kushinda Nobel. Akasikia neno lao la zamani, mottainai, yaani uchungu wa kuona kitu cha thamani kikipotea bure. Akalibeba hadi Umoja wa Mataifa, likawa kampeni, na Wajapani wenyewe wakaanza kulisikia upya. Mkenya aliwarudishia neno lao. Kwa hivyo usiniambie kichwa chetu hakiwezi kuelewa haya mambo.

Mbona basi sisi tunakwama? Nitakuambia nilichokiona. Mtaani kwetu tulikuwa kikundi cha vijana kumi na mbili. Tulizunguka ploti baada ya ploti, tukaomba watu watenganishe: gunia la maganda, gunia la plastiki, gunia la karatasi. Na watu walifanya! Hata wale tuliodhani watatufukuza. Wiki ya tatu lori tulilokuwa tunalipia likaja, na wasee wakarusha magunia yote ndani pamoja, mbele ya macho ya mama aliyekuwa ameosha chupa zake usiku. Hakutuambia kitu. Aliangalia tu. Wiki iliyofuata hakuna aliyetenganisha, na mimi sikuwa na mdomo wa kuwauliza.

Kwa muda mrefu nilidhani tulishindwa kwa sababu watu wetu hawana nidhamu. Uongo. Watu walileta sehemu yao. Sisi ndio tulianza nyuma mbele. Tulikusanya magunia kabla ya kujua nani atayapokea.

Angalia mwaka 2001 tena. Mwaka huo Kamikatsu ilikuwa tayari haina tanuri, ikaongeza makundi hadi 35. Mwaka huo huo jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, lilitangazwa limejaa. Sisi tuliendelea kumwaga, na bado tunamwaga. Sheria sio kwamba haipo. Ile ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inataka taka zitenganishwe kuanzia nyumbani, na inazitaka kaunti ziweke vituo vya kuzichambua. Mwananchi ana wajibu, kaunti ina wajibu. Ukitekeleza upande mmoja tu, unamdanganya yule mama wa chupa.

Najua utasema Nairobi ina mamilioni, Kamikatsu ina watu wa kujaza shule moja. Ni kweli. Makundi 45 hapa ni ndoto. Lakini ploti yako haina mamilioni. Ina nyumba ishirini, keateka mmoja, na geti moja. Huo ni mji mdogo kuliko Kamikatsu.

Na tuna kitu ambacho wao walilazimika kukitafuta. Wale wasee wa Dandora, na wale wanaopita mtaani na mikokoteni, wanajua tayari nani ananunua chupa, nani anataka chuma, boksi ni ngapi kwa kilo. Ujuzi ambao maofisa wa Kamikatsu waliupata kwa kuuliza huku na kule, sisi tunao hapa, halafu tunauita uchafu na kuufungia geti.

Kwa hivyo kama unataka kuanza kwenu, usianze na mapipa ya rangi wala mabango. Anza na msee mmoja wa mkokoteni. Muulize anachukua nini, siku gani, akikipata kikiwa hali gani. Akikuambia vitu viwili tu, hayo ndiyo makundi yako mawili. Halafu ndio ubishe mlango wa jirani, ukiwa na jibu la swali atakalokuuliza kwanza: nikishatenganisha, inaenda wapi?

Sisi tunaanza tena. Safari hii kwa magunia mawili tu. Na mlango wa kwanza nitakaobisha ni wa yule mama.