Siri iliyomgharimu Kapteni Mantell

Mchana wa Januari 7, 1948, askari wa mnara wa kuongozea ndege katika uwanja wa kijeshi wa Godman, jimboni Kentucky, Marekani, walikuwa wamekodoa macho juu. Polisi walishapiga simu: watu wa Maysville, kisha wa Irvington na Owensboro, wanaona kitu cha mviringo angani. Kufikia saa nane kasorobo, wa mnarani nao walikuwa wamekiona. Mkuu wa kambi, Kanali Guy Hix, aliitwa, naye akakikuta: cheupe, ukubwa wake kama robo ya mwezi mpevu. Hakuna aliyeweza kukitambua.

Punde zikapita ndege nne za kivita aina ya F-51 Mustang, zikitoka Georgia kurudi Louisville. Aliyeziongoza ni Kapteni Thomas Mantell, kijana wa miaka 25 aliyerusha ndege za usafirishaji katika Vita vya Pili vya Dunia. Mnara ukamwomba akakiangalie kile kitu. Rubani mmoja, aliyekuwa na mafuta machache, aliendelea na safari. Wawili wakapanda pamoja na Mantell.

Safari yao ilikuwa ya kuruka chini, kwa hiyo hawakujiandaa kwenda juu sana. Kanuni zilimkataza rubani kupita futi 14,000 bila oksijeni, na Mantell hakuwa nayo. Wenzake wawili waliishia kwenye futi 22,500 hivi, karibu mita 1,000 juu zaidi ya kilele cha Kilimanjaro. Mpanda mlima huo hupewa siku kadhaa mwili uzoee. Ndege hufika huko kwa dakika chache tu. Ubaya wa kukosa oksijeni ni kwamba hakuumi. Mtu hujiona yuko timamu, pengine hata akachangamka, huku uamuzi wake ukipotea kabla ya fahamu. Mantell aliendelea kupanda peke yake. Wachunguzi waliamini alizimia yapata futi 25,000. Ndege ilianguka ikizunguka na kuvunjikia shambani karibu na mji wa Franklin. Saa ya Mantell ilikutwa imesimama saa tisa na dakika 18.

Nchi nzima ilikuwa bado inazungumzia visahani virukavyo tangu Juni 1947, rubani Kenneth Arnold aliposema ameona vitu tisa vikipita kasi karibu na Mlima Rainier. Jeshi la Anga lilikuwa ndiyo kwanza linaanzisha Mradi wa Sign huko Dayton, Ohio, kuchunguza taarifa za aina hiyo, na kifo cha Mantell kikawaangukia wachunguzi wake mapema mno. Jibu lililotolewa lilikuwa Zuhura. Ni kweli sayari hiyo ilikuwa upande ule wa anga, lakini mchana Zuhura ni nukta tu, tena kwa anayejua pa kutazama. Robo ya mwezi haikuwa. J. Allen Hynek, mtaalamu wa nyota aliyelishauri jeshi, baadaye naye aliona maelezo hayo hayatoshi.

Mwaka 1952 Kapteni Edward Ruppelt, mkuu wa Mradi wa Blue Book uliorithi kazi hiyo, alilifungua upya jalada. Safari hii kulikuwa na jambo ambalo wachunguzi wa kwanza hawakuambiwa: Jeshi la Wanamaji lilikuwa likirusha maputo makubwa ya plastiki yaliyoitwa Skyhook, yenye upana wa futi 100 hivi, yakipaa juu sana kupita uwezo wa Mustang yoyote. Yakipigwa na jua hung'aa kama bati. Kumbukumbu ya puto lililorushwa na kupita pale siku ile Ruppelt hakuipata, kwa hiyo aliishia kusema yamkini ndilo.

Mimi naona hoja yake ina uzito kuliko zote. Na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma: mradi wa maputo ulikuwa wa siri, Kanali Hix na vijana wake mnarani hawakuwa na habari nao, wakamtuma mwenzao akakikaribie kitu ambacho yamkini tawi jingine la majeshi yao wenyewe lilikijua vizuri.